Nimemaliza kidato cha nne na napenda wanyama: nisome mifugo, wanyamapori au zuolojia?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa Meatu, nimemaliza kidato cha nne. Nina B ya Kiswahili, C ya Baiolojia, C ya Jiografia, D ya Kemia na D ya Kiingereza, Hesabu na Fizikia nimepata F. Napenda wanyama toka mdogo na nyumbani tuna ng'ombe. Niende chuo cha mifugo, chuo cha wanyamapori, au nitafute njia ya kufika chuo kikuu nisome zuolojia? Baba anasema wanyama hata asiyeenda shule anafuga."

Marahaba mwanangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, maana kila mwaka napata la kufanana na hilo, ila wewe umetaja matokeo yako yote na umetaja unapotoka, na hivyo vitu viwili ndo vinanisaidia kukujibu wewe mwenyewe na si kijana yeyote tu.

Tuanze na hilo neno "napenda". Nimefundisha miaka mingi na karibu kila anayeingia darasani siku ya kwanza anasema anapenda wanyama, afu wiki ya sita tunawapeleka machinjioni saa kumi alfajiri kusoma ukaguzi wa nyama, unafungua ini unatafuta minyoo, unakata tezi unaangalia kama kuna dalili za kifua kikuu, na hapo kuna wanaotoka nje na hawarudi tena chuoni kabisa. Siwalaumu. Walipenda ndama mzuri anayerukaruka, hawakuwa wameambiwa kwamba kazi yenyewe ni mavi, damu, usaha, kupe, mvua, na mwenye ng'ombe anayekupigia simu usiku wa manane ng'ombe wake amekwama kuzaa. Kwa hiyo kabla hujachagua chuo jiulize ni kazi gani utaivumilia siku ambayo mnyama hapendezi.

Njia ya kwanza, mifugo. Hapa Tanzania vyuo vya serikali viko chini ya LITA, yaani Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, na kampasi zake zimetawanyika: Tengeru, Mpwapwa, Morogoro, Buhuri kule Tanga, Madaba, Temeke, Kikulula, na Mabuki mkoani Mwanza ambayo kwako ndo ya karibu. Kutoka kidato cha nne unaanza ngazi ya 4 ya NTA, yaani ngazi za tuzo za vyuo vya ufundi, unapanda ya 5, unamaliza na diploma ngazi ya 6, mwaka mmoja kila ngazi. Unasoma anatomia na fiziolojia, magonjwa, dawa, lishe na malisho, uzalishaji, usafi wa maziwa na nyama, ugani, na ujasiriamali kidogo.

Nikupe mfano ujue inavyokuwa. Ng'ombe ameletwa amezubaa, hataki kula. Unampima joto, la kawaida kwa ng'ombe mkubwa linacheza kwenye 38.5, huyu ana 41. Unapapasa chini ya sikio unakuta tezi limevimba kama limao. Mchungaji yeyote wa kwenu atakwambia hiyo ni ndigana kali na atakuwa amepatia, lakini chuoni utajua kwa nini tezi la chini ya sikio ndo linaanza kuvimba: kupe anayeleta huo ugonjwa anapenda kujishikiza kwenye masikio, kwa hiyo vimelea vyake, vinavyoitwa Theileria parva, vinaingilia hapo na tezi la jirani linakuwa la kwanza kupigana navyo. Ukishalijua hilo hukai tena kusubiri kutibu, unarudi nyuma kwenye josho, kwenye ratiba ya kuogesha, kwenye chanjo, na unajua kwamba ukiogesha mwili mzima ukaacha masikio umemwaga dawa bure.

Au chukua uhimilishaji, yaani kumpandikizia ng'ombe mbegu bila kumkutanisha na dume. Ng'ombe akionekana na joto la kutaka dume asubuhi unampandisha jioni, akionekana jioni unampandisha kesho yake asubuhi, mbegu zimekaa kwenye mtungi wa nitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, ukichelewesha mrija nje ya mtungi umeua mbegu na mfugaji ameshakulipa. Hii kazi inadai saa na mikono mitulivu. Ukiipenda, nenda hata Usa River kwenye kituo cha taifa cha uhimilishaji, hapo mbegu za madume zinavunwa na kozi zinatolewa.

Nilipoanza kazi kijijini nilimpa mbuzi wa mama mmoja dawa ya minyoo kwa kukadiria uzito kwa macho. Nikakadiria vibaya, dozi ikazidi, mbuzi akafa jioni ile ile. Nilimlipa yule mama na toka siku hiyo sijawahi kushika bomba la sindano kabla ya kushika mizani au utepe wa kupimia kifua. Nakwambia haya kwa sababu Hesabu una F, na kuna wanafunzi wanadhani kwenye mifugo hesabu hazipo. Zipo. Ni miligramu kwa kilo, ni mililita kwa lita kwenye josho, ni siku za kusubiri baada ya sindano kabla maziwa hayajanywewa. Ni hesabu za darasa la saba ila ukikosea kuna kitu kinakufa au mtoto wa mtu anakunywa dawa kwenye maziwa. Anza kuzifanyia mazoezi sa hivi.

Njia ya pili, wanyamapori. Chuo cha Mweka kiko kwenye mteremko wa Kilimanjaro juu ya Moshi, kilianzishwa 1963, miaka miwili tu baada ya Mwalimu Nyerere kutoa lile tamko la Arusha la 1961 kuhusu wanyamapori ambalo lilisema wazi kwamba kuwatunza kunahitaji wataalamu na watu waliofunzwa. Kinaanzia cheti mpaka digrii na zaidi, na wanafunzi wanatoka nchi nyingi za Afrika. Mwanza kuna Pasiansi, hiki kinafundisha zaidi askari wa uhifadhi, kuna kwata, silaha, doria, sheria, kukusanya ushahidi eneo la tukio. Kule Namtumbo kuna Likuyu Sekamaganga wanakofundishwa askari wa wanyamapori wa vijiji. Watu wanachanganya hivi vyuo kana kwamba vyote ni kitu kimoja. Ukienda Pasiansi ukitegemea kusoma tabia za simba utashangaa, na ukienda Mweka ukitegemea kushinda na bunduki utashangaa vile vile.

Kitu ambacho wengi hawategemei kwenye wanyamapori ni kwamba muda mwingi utashughulika na watu na ardhi. Tembo hakusumbui ofisini, anayekuja ofisini ni mkulima ambaye heka mbili za mahindi zimeliwa usiku mmoja na ana watoto watano. Unasoma Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, unasoma mipango ya matumizi ya ardhi, unasoma jinsi ya kuendesha kikao cha kijiji kilichokasirika. Kwenu Meatu mna Makao, eneo la wanyamapori linalosimamiwa na jumuiya ya vijiji, na mnapakana na pori la akiba la Maswa, haya unayajua kwa macho yako kabla hujayasoma, na amini kwamba darasani kuna watoto wa mjini watakuwa wanakukodolea wewe macho mwalimu akifika hapo.

Fildi ya wanyamapori ni nzuri lakini ngumu. Unalala kwenye hema, unaamka saa kumi na moja, unatembea mstari ulionyooka kwa dira, kila ukiona kundi unasimama, unaandika spishi, idadi, umri kama unaonekana, unapima umbali kutoka kwenye mstari mpaka kwa mnyama. Kwa nini huo umbali? Kwa sababu kadiri mnyama alivyo mbali na mstari ndivyo unavyomkosa, na ule umbali ndo unaokuwezesha kukokotoa wangapi hukuwaona. Hilo jambo, la kukadiria usichokiona kutokana na ulichokiona, mi mpaka leo naliona ni la ajabu. Siku mojawapo mwanafunzi aliniandikia "simba 3" kwa sababu amesikia ngurumo tatu. Nikamwambia afute. Aandike "ngurumo, upande wa mashariki, saa 11:40 alfajiri", basi. Ukijifunza kuandika ulichokiona bila kuongeza ulichodhani, umeshapata nusu ya taaluma.

Njia ya tatu ni zuolojia yenyewe, hii kwa hapa nyumbani ni digrii, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana idara ya zuolojia na uhifadhi wa wanyamapori, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro wana digrii ya usimamizi wa wanyamapori na ile ya udaktari wa mifugo ya miaka mitano. Zuolojia inaanza mbali sana na simba. Inaanza na viumbe vya seli moja, minyoo bapa, konokono, wadudu, kaa, samaki, vyura, na mtu anaweza kumaliza semista nzima hajagusa mnyama mwenye manyoya. Unasoma uainishaji, jenetiki, mabadiliko ya viumbe, ikolojia, takwimu. Takwimu kweli kweli. Anayefaa huko ni mtu anayeumwa na maswali, anayeona siafu wamehama anakosa usingizi mpaka ajue wamehama kwa nini.

Na usidhani kuhesabu ni kazi ndogo. Mwaka 2009 makadirio ya tembo Tanzania yalikuwa kama 109,000, ilipofika 2014 ni kama 43,000. Hizo namba zilipatikana kwa watu kukaa ndani ya ndege ndogo inayoruka chini chini kwa mistari, macho kati ya fito mbili zilizofungwa kwenye bawa, wakihesabu wanaopita katikati ya fito tu, wengine wanatapika huku wanahesabu. Bila wale watu tungebaki na mabishano ya vijiweni kama tembo wanapungua au hawapungui, na ujangili ungeendelea.

Sasa nifike ninapotaka kufika. Vyuo vimegawanya hizi njia tatu, ila kule nyumbani kwenu hazijagawanyika kabisa. Miaka ya 1890 sotoka, ugonjwa wa virusi unaoua ng'ombe, iliingia Afrika Mashariki ikafyeka ng'ombe, watu wakafa njaa, na nyumbu na nyati nao wakafa kwa ugonjwa ule ule. Ugonjwa ukabaki unazunguka kwa miongo. Miaka ya 1950 na 1960 ng'ombe wanaoizunguka Serengeti wakachanjwa, na ona kilichotokea: nyumbu, ambao hakuna aliyewachoma sindano hata mmoja, wakatoka kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 60 wakafika zaidi ya milioni moja na laki tatu mwishoni mwa miaka ya 70. Kumbe walikuwa wanaambukizwa na ng'ombe. Chanjo ya bwana mifugo kwenye zizi ndo iliyojaza Serengeti. Mwaka 2011 dunia ikatangazwa haina tena sotoka.

Upande wa pili nao upo. Nyumbu wanazaa karibu wote kwa mkupuo, kama mwezi wa pili hivi, kwenye nyasi fupi za kusini mwa Serengeti, na ndama wao wachanga wana virusi ambavyo wao haviwadhuru lakini ng'ombe akivipata, kupona ni bahati. Ndo maana Wamasai toka enzi wanaondoa ng'ombe kwenye zile mbuga nyumbu wakianza kuzaa, hata kama majani ni matamu kiasi gani. Walijua kabla ya maabara. Halafu 1994 simba wa Serengeti walikufa kama theluthi moja, simba elfu moja hivi, kwa distempa, ugonjwa wa mbwa, na toka hapo chanjo ya mbwa wa vijijini ikawa kazi ya uhifadhi. Mbwa wa kwenu wanaochunga na baba yako ni sehemu ya afya ya simba, yaani ukimchanja mbwa Meatu unamlinda simba ambaye hutamuona kamwe.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako, na nimeufikiria: anza na mifugo, diploma, ikiwezekana Mabuki. Sababu ya kwanza ni matokeo yako. Kuingia ngazi ya cheti kwa kawaida wanataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na wewe unayo matano, Baiolojia na Kemia zikiwemo. Ila sifa za kila kozi soma kwenye mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, wa mwaka unaoomba maana zinabadilikabadilika, na humo humo hakikisha chuo kimesajiliwa, kuna vinavyokusanya ada na cheti chake hakitambuliki popote. Kidato cha tano kwa mchepuo wa CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia, hiyo D ya Kemia itakubana, ungelazimika kurisiti, yaani kurudia mtihani, kwanza, na kurisiti si vibaya ila ni mwaka mwingine na pesa nyingine.

Sababu ya pili, diploma haifungi mlango wa chuo kikuu. Ukimaliza na GPA, yaani wastani wa alama zako, ya 3.0 kwenda juu unaweza kuomba digrii, utakuwa umechelewa kidogo ukilinganisha na waliopita kidato cha sita lakini utaingia ukiwa umeshashika wanyama mia kadhaa kwa mikono yako. Mi mwenyewe nilipita hivyo hivyo, nilikuwa afisa mifugo kijijini miaka sita ndo nikaenda kusoma wanyamapori, na kila nilipokaa kwenye kikao cha wafugaji na hifadhi nilikuwa nawaelewa pande zote mbili, wakati wenzangu walikuwa wanaelewa upande mmoja.

Sababu ya tatu ni mkate. Ajira za serikali zinapita kwenye usaili na mnaoomba ni wengi sana, hilo lazima nikwambie sasa hivi usije ukalisikia ukiwa umeshamaliza. Mwenye diploma ya mifugo akikosa ajira anaweza kusajiliwa kama mtaalamu msaidizi kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari ya 2003 akatoa huduma, akahimilisha, akafanya kazi kwenye duka la pembejeo au shamba la maziwa. Wa wanyamapori akikosa ajira anabaki na kuongoza watalii, makampuni ya uwindaji, miradi ya utafiti, na jumuiya za vijiji, ni kazi nzuri ila ni za msimu na nyingi zinataka Kiingereza kizuri, na wewe una D. Na ukisikia mtu anasema diploma haina mkopo, bodi ya mikopo ilianza kutoa wa ngazi ya diploma mwaka wa masomo 2023/24 kwa fani chache na kilimo na mifugo zilikuwemo, fuatilia tangazo la mwaka wako.

Kuhusu baba. Usibishane naye. Anachosema kina ukweli mkubwa, anajua vitu ambavyo mi nilivikuta kwenye vitabu nikiwa mtu mzima. Muulize habari za ngitili. Wasukuma walikuwa wanatenga eneo la malisho msimu wa mvua lisiguswe, wakalifungulia kiangazi kikikaza, na ule mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) kati ya 1986 na 2004 ulirudisha uoto Shinyanga kwa kufufua hiyo hiyo ngitili ya wazee. Chuoni utaikuta inaitwa usimamizi wa nyanda za malisho na utapewa mtihani. Muombe baba akutembeze malishoni akutajie kila jani kwa Kisukuma, lipi ng'ombe analipenda, lipi linamvimbisha tumbo, lipi linaota tu pakichungiwa kupita kiasi, wewe uandike. Mzee akiona mtoto wake wa shule anaandika anayoyasema yeye, mazungumzo ya ada yanakuwa mepesi, nimeona kwa wengi.

Hukuuliza ila nakujibu: mwanamke anaweza. Kuzalisha ng'ombe aliyekwama ni mbinu na kamba zaidi ya misuli, na mkono mwembamba una faida yake kule ndani. Fildini uliza mapema mpango wa malazi na vyoo, uliza bila aibu, na mtu yeyote, awe mwalimu au msimamizi, akikutaka kimapenzi kwa ajili ya alama usimfiche, mwambie mshauri wa wanafunzi na mwambie mzazi.

Wakati unasubiri nunua daftari gumu na penseli, penseli maana wino ukilowa unafutika. Kila siku dakika thelathini, mnyama mmoja, awe mbuzi, kuku, mjusi wa ukutani, vyovyote. Andika saa, hali ya hewa, alichofanya, hesabu mbuzi anacheua mara ngapi kabla ya kumeza. Angalia mdomo wa ng'ombe, juu mbele hana meno, chini yanabadilika jozi kwa jozi kuanzia kama miaka miwili, jaribu kukisia umri wa kila ng'ombe wa kwenu halafu baba akusahihishe. Ukifikisha miezi mitatu unafanya hivyo na bado hujachoka, omba chuo bila wasiwasi.

Na sasa hivi, kabla dirisha la udahili halijafunguliwa, toa cheti cha kuzaliwa ulinganishe jina na lile lililoko kwenye matokeo ya NECTA, baraza la mitihani, herufi kwa herufi. Kama kwenye kimoja kuna jina la babu na kwenye kingine halipo, anza kurekebisha wiki hii, maana linachukua muda na nimeona binti wa kutoka huko huko kwenu anakosa nafasi kwa herufi moja tu.